Maswali ya Wasomaji: Feni ya Laptopu Imsikilize Nani?

Swali

Kwako mwandishi wa safu hii,

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili mjini Kisumu. Mwaka jana nilinunua ThinkPad T440 iliyotumika, mojawapo ya zile zinazoletwa kutoka Uingereza, na mwana wa dada yangu akaniwekea mfumo wa uendeshaji wa Linux Mint. Ilifanya kazi vizuri, ila feni ilikuwa ikivuma tangu asubuhi hadi jioni, nami nikamwomba mpwa wangu ainyamazishe. Akaweka programu ya kuendesha feni iitwayo thinkfan pamoja na faili ya mipangilio aliyoinakili kutoka kwa mtumiaji mmoja wa Ulaya. Feni ilinyamaza kweli. Lakini tangu Januari, kila ifikapo saa nane mchana nikiwa ninajumlisha alama za wanafunzi huku video ya somo ikicheza, mashine inazubaa, sehemu ya chini inaunguza mapaja, na mara tatu imezima yenyewe bila kuaga. Fundi mmoja ananishauri ninunue feni nyingine. Nimekuambatishia faili hiyo na majibu ya amri uliyoniomba niiandike. Je, ubovu uko kwenye feni au kwenye mipangilio?

*Mwalimu, Kisumu*

Jibu

Mwalimu, fedha zako zikae mfukoni kwanza. Feni iliyokuwa ikivuma kutwa nzima kabla ya kunyamazishwa kwa amri si feni mbovu, na faili uliyonitumia inaeleza karibu kila kitu. Hii hapa, kama mpwa wako alivyoiacha:

    hwmon /sys/class/hwmon/hwmon2/temp1_input
    tp_fan /proc/acpi/ibm/fan
    (0, 0, 68)
    (2, 65, 76)
    (4, 73, 84)
    (7, 81, 32767)

Mstari wa kwanza unaiambia thinkfan mahali pa kusomea joto. Kasoro ni kwamba hwmon2 si jina la kudumu: keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, hugawa namba hizo wakati mashine inapowaka, kwa kufuata kifaa kilichotangulia kujiandikisha, kama watu wanaopewa namba kwenye foleni ya hospitali. Anayeshika namba mbili leo si lazima awe ndiye atakayeishika kesho, na hakika si yule aliyeishika kwenye mashine ya mtu mwingine. Kwa mwenye faili, hwmon2 ilikuwa coretemp, yaani vihisi vilivyo ndani ya prosesa. Kwako wewe, amri hii

    grep . /sys/class/hwmon/hwmon*/name

imejibu kwamba hwmon2 ni iwlwifi_1, na coretemp imekaa kwenye hwmon4. Maana yake ni kwamba muda wote huu feni yako imekuwa ikifuata joto la kadi ya Wi-Fi. Prosesa inaweza kufika nyuzi 95 huku kadi ya Wi-Fi ikiwa imetulia kwenye nyuzi 50, na feni, kwa utiifu wake wote, ikaendelea kulala kwa sababu yule iliyeambiwa imsikilize hajalalamika.

Hilo ndilo kosa kubwa. La pili ni dogo kwa macho, lakini nataka tulichunguze kwa utulivu, kwa kuwa hata ukilirekebisha la kwanza, hili litaendelea kukuunguza mapaja.

Kila mabano yana namba tatu: ngazi ya feni, joto la kushukia na joto la kupandia. Kwenye ThinkPad, ngazi zinaanza 0, ambayo ni kuzima kabisa, hadi 7. Mabano ya kwanza yanasema feni ilale mpaka joto lifike nyuzi 68. Ya pili yanasema feni ikishafika ngazi ya 2 ibaki hapo, ishuke tu joto likiwa chini ya 65 na ipande likipita 76. Ile namba 32767 ya mwisho haina siri yoyote; ni njia ya kusema kwamba juu ya hapo hakuna ngazi nyingine.

Sasa, aliyeandika vizingiti hivyo huenda alikuwa ameketi katika chumba chenye nyuzi 19. Wewe uko kando ya Ghuba ya Winam, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako nyuzi 30 za mchana ni jambo la kawaida, na kwenye chumba cha paa la mabati kisicho na dari unaweza kuongeza nyingine kadhaa bila kubishana na mtu. Feni haitengenezi ubaridi. Inachukua hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye mapezi ya shaba, yaani vile vibamba vyembamba vinavyopokea joto la prosesa, na hewa hiyo inabeba joto kulingana na tofauti iliyopo kati yake na shaba. Mapezi yakiwa na nyuzi 68 na chumba nyuzi 19, tofauti ni 49. Mapezi yakiwa na nyuzi hizo hizo na chumba nyuzi 33, tofauti ni 35 tu, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile itaondoa takriban asilimia 71 ya joto ambalo ingeliondoa kule. Ndiyo sababu faili iliyomfaa mtu wa Ulaya haiwezi kukufaa wewe hata ukiinakili bila kukosea nukta. Mwongozo wa ThinkPad wenyewe unaweka nyuzi 35 kuwa kikomo cha joto la mahali pa kufanyia kazi, na mchana wa Februari chini ya mabati hauko mbali na kikomo hicho.

Basi tuanze upya. Simamisha thinkfan, uhakikishe kwamba feni imerudi mikononi mwa kidhibiti cha kiwandani:

    sudo systemctl stop thinkfan
    cat /proc/acpi/ibm/fan

Mstari wa level useme auto, na ule wa speed uonyeshe mizunguko kwa dakika. Kisha fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `watch -n 2 sensors`, uiache ikisoma joto kila baada ya sekunde mbili. Vipimo hivi uvichukue saa nane mchana, mahali pale pale unapofanyia kazi. Ukipima saa kumi na mbili asubuhi ubaridi wa alfajiri ukiingia dirishani utajidanganya. Andika kwenye karatasi joto la mashine ikiwa haina kazi, kisha ipe mzigo wa dakika kumi:

    stress-ng --cpu 4 --timeout 600

Prosesa ya mashine yako, Intel Core i5-4300U, ina kikomo cha nyuzi 100; ikikifikia hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na huko kujipunguza ndiko kulikoifanya izubae. Kama kwa mpangilio wa auto inapanda hadi 80 na kitu na kutulia hapo, mfumo wa kupoza ni mzima na kilichobaki ni kuandika vizingiti vyako. Kama inafika 97 ndani ya dakika mbili huku feni ikilia kwa nguvu zake zote, usiguse faili yoyote kwanza, kwa sababu hakuna namba utakayoiandika itakayotoa vumbi lililojazana kwenye mapezi.

Kwa kweli, nashuku utakuta vumbi. Malalamiko yako ya kwanza kabisa, kabla mpwa wako hajagusa chochote, yalikuwa kwamba feni inavuma kutwa, na feni ya mashine safi isiyo na kazi nzito haivumi kutwa, hata Kisumu. Prosesa hiyo ilitoka mwaka 2013, na haielekei kwamba mwenye mashine wa kwanza aliwahi kuifungua. Wanaoishi karibu na ziwa wana mgeni mwingine: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata mwanga wa usiku. Nimewahi kufungua laptopu ya mtu wa Dunga nikakuta utepe mzima wa wadudu hao, mkavu na mweusi, umeziba mapezi kana kwamba umeshonwa hapo makusudi.

Ukifungua, zima kwanza betri ya ndani kupitia BIOS, ile programu ya kiwandani inayoamka kabla ya Linux, kwa maana T440 ina betri mbili na ile ya ndani haitoki kwa mkono, kisha uchomoe ya nje. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza blowa, kwa kuwa feni inayozungushwa na upepo wa blowa hupita kasi yake na kuharibu beringi. Pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba, ibadilishwe pia. Ikishakauka na kuwa kama chokaa haina kazi. Hapo ndipo fundi wako atakapoistahili fedha yake.

Ukishamaliza, rudia vipimo. Hapo ndipo uandike `/etc/thinkfan.conf` mpya. Matoleo ya sasa ya thinkfan, kuanzia 1.0, yanatumia mtindo wa kuandika mipangilio uitwao YAML, nao unakuruhusu kutaja kihisi kwa jina lake badala ya namba yake ya foleni:

    sensors:
      - hwmon: /sys/class/hwmon
        name: coretemp
        indices: [1]

    fans:
      - tpacpi: /proc/acpi/ibm/fan

    levels:
      - [1, 0, 58]
      - [2, 54, 64]
      - [4, 60, 71]
      - [6, 66, 78]
      - [7, 73, 86]
      - ["level full-speed", 81, 32767]

Nafasi za mwanzo wa mistari ziandikwe kwa kibonyezo cha nafasi, si cha tabo. YAML haina msamaha katika hilo. Utaona pia kwamba sikuweka ngazi ya 0 mahali popote. Nimekusudia. Katika chumba chenye nyuzi 31, mashine isiyo na kazi itakaa karibu na nyuzi 50, na ukiiambia feni ilale hadi 55 itakuwa ikiamka na kulala mchana kutwa, jambo linaloudhi masikio kuliko ngazi ya 1 inayovuma kwa upole bila kukoma. Sauti isiyobadilika sikio huizoea; inayokatika na kurudi huligutusha kila mara. Kama ukifanya kazi usiku dirisha likiwa wazi na ukataka kimya kamili, ongeza ngazi ya 0 wakati huo.

Tazama tena jinsi namba zinavyoingiliana: ngazi ya 1 inaishia 58, lakini ngazi ya 2 haishuki mpaka joto liwe chini ya 54. Zile nyuzi nne za katikati ndizo zinazoizuia feni kubadili mawazo kila sekunde. Ukizifanya zigusane, ya kwanza 58 na ya pili 58, joto likicheza kati ya 57 na 59 utasikia feni ikipanda na kushuka kama pikipiki iliyokwama matopeni. Nyuzi nne hadi tano zinatosha. Zikiwa nyingi mno, feni itaendelea kuvuma muda mrefu baada ya kazi kwisha.

Kabla ya kuiacha programu ifanye kazi nyuma ya pazia, iendeshe mbele ya macho yako kwa `sudo thinkfan -n`, uione ikisoma joto na kubadili ngazi, kisha uisimamishe kwa Ctrl na C. Ikilalamika kwamba haina ruhusa ya kuidhibiti feni, hakikisha kuna faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` yenye mstari `options thinkpad_acpi fan_control=1`, kwa kuwa keneli haimruhusu mtu kuigusa feni ya ThinkPad mpaka atamke waziwazi kwamba anataka. Mpwa wako lazima alishauweka mstari huo, la sivyo feni isingelinyamaza. Ukiridhika:

    sudo systemctl enable --now thinkfan

Kuhusu full-speed ya mwisho, hiyo si sawa na ngazi ya 7. Ngazi ya 7 ni kasi ya juu inayodhibitiwa. Full-speed humwondoa mdhibiti na kuiacha feni iende kadiri ya uwezo wake. Ni kwa dharura. Ukiisikia kila siku, rudi kwenye vumbi.

Jambo moja nililojifunza kwa kuunguza vidole vyangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika amri ya mkono ya kuizima feni ya laptopu yangu ili nirekodi sauti, nikaitwa mezani, nikala, nikazungumza na wageni, nikarudi nikakuta mashine inaenda mwendo wa konokono na plastiki iliyo juu ya prosesa haishikiki. Tangu hapo, kabla ya kutoa amri yoyote ya mkono kwa feni ya ThinkPad, huwa ninamweka mlinzi:

    echo watchdog 60 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan

Sekunde 60 zikipita bila amri mpya, keneli huirudisha feni kwenye mpangilio wa kiwandani. Unaweza kumpa mlinzi huyo hadi sekunde 120. Usimpe 0, kwa maana hiyo ni kumfukuza.

Na kuhusu ile mara tatu mashine ilipozima yenyewe, ikitokea tena, washa na uandike mara moja:

    journalctl -b -1 -k | grep -iE 'thermal|temperature'

Hayo ni maandishi ya keneli kutoka kipindi kilichopita. Ukikuta maneno ya joto kupita kikomo na prosesa kupunguziwa kasi, yakirudiwarudiwa hadi mwisho, mshtakiwa amepatikana. Ukikuta kimya kitupu, usimwachilie joto bado, kwa kuwa vifaa vyenyewe vinaweza kukata umeme haraka kuliko keneli inavyoweza kuandika. Lakini hapo chunguza na betri pia.

Swali

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Kakamega. Niliambiwa nisome joto la laptopu yangu kwenye faili ya /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp. Inaniambia 47000. Je, kihisi kimeharibika? Na nyuzi 85 ni hatari?

*Mwanafunzi, Kakamega*

Jibu

Mdogo wangu, laptopu yenye nyuzi 47000 ingekuwa imeshaichoma Kakamega yote pamoja na msitu wake. Keneli huandika joto kwa sehemu za elfu za nyuzi, kwa hiyo gawa kwa 1000 upate 47, ambayo ni hali nzuri sana. Jihadhari tu unapoandika mipangilio: thinkfan, na MINTEMP na MAXTEMP za fancontrol, programu nyingine ya kuendesha feni, hutaka nyuzi za kawaida, ilhali faili za trip_point, yaani vizingiti vya joto, zilizomo ndani ya thermal_zone hiyo hiyo zinahesabu kwa elfu. Ukichanganya, utaiambia feni ingoje mpaka jua lishuke duniani.

Nyuzi 85 wakati prosesa inafanya kazi nzito si hatari. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 au 105. Nyuzi 85 wakati umefungua faili moja ya maandishi ni dalili ya ugonjwa. Namba ni ile ile, swali ni mashine ilikuwa ikifanya nini.

Swali

Ndugu mhariri, nina saiba ndogo Nakuru yenye laptopu tano, nne za HP aina ya ProBook na moja ya Dell Latitude, zote Ubuntu. Zinapata moto na feni zinapiga kelele hadi wateja wananung'unika. Niliweka lm-sensors ya kusoma joto, nikaendesha pwmconfig inayotafuta feni za kudhibiti, ikaniambia hakuna feni inayoweza kudhibitiwa. Kijana mmoja amenionyesha namna ya kuandika namba moja kwa moja ndani ya kidhibiti cha bodi mama ili feni zitii. Nimruhusu?

*Mwenye saiba, Nakuru*

Jibu

Usimruhusu, ndugu yangu, angalau si kwenye mashine zinazokulisha.

Feni ya laptopu haiko chini ya Linux moja kwa moja. Iko chini ya kidhibiti kidogo kilichopachikwa kwenye bodi mama, chenye programu yake kilichokuja nayo kutoka kiwandani, na kidhibiti hicho ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha mamlaka kitaachia mfumo wa uendeshaji. Lenovo wameacha mlango kwenye ThinkPad, ndiyo sababu mwalimu wa Kisumu hapo juu ana ngazi zake nane za kuchezea. Dell wameacha dirisha: dreva iitwayo dell_smm_hwmon huonyesha kasi ya feni na kwa kawaida hutoa hatua tatu, yaani kuzima, polepole na haraka, lakini kwenye mashine nyingi BIOS huinyang'anya amri hiyo baada ya muda mfupi na kurudia mpango wake. HP kwa kawaida hawaachi kitu, na ndicho pwmconfig ilichokuambia.

Kijana wako anataka kuingia kwa kuvunja ukuta. Kidhibiti hicho kina rejista 256, yaani vijisanduku vya kuhifadhia namba, na keneli inaweza kuruhusu ziandikwe kwa moduli ya ec_sys ikiwashwa kwa ruhusa maalumu. Rejista ya feni kwenye modeli moja inaweza kuwa ya kuchaji betri kwenye nyingine. Iko programu iitwayo nbfc-linux inayofanya kazi hiyo kwa ustaarabu zaidi, kwa kutumia faili iliyoandikwa kwa kila modeli. Kama kuna faili yenye jina kamili la modeli yako, herufi kwa herufi na namba kwa namba, unaweza kuijaribu kwenye mashine moja siku ambayo saiba imefungwa. Faili ya modeli inayofanana na yako ni faili ya mashine ya mtu mwingine.

Badala ya kupigania feni, punguza joto lenyewe. Wateja wa saiba wanajaza fomu za serikali, wanachapisha barua na kutazama video. Hakuna anayehitaji ile kasi ya ziada ambayo Intel huiita Turbo Boost, na kasi hiyo ndiyo inayozalisha joto jingi kwa faida ndogo. Izime kwa majaribio:

    echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Amri hiyo hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo ukiipenda weka TLP, programu ya kusimamia matumizi ya umeme, na uandike `CPU_BOOST_ON_AC=0` ndani ya `/etc/tlp.conf`. Mara nyingi mteja hatagundua tofauti kwenye kasi, lakini wewe utaisikia kwenye feni. Kama haitoshi, faili jirani iitwayo max_perf_pct hukubali asilimia ya uwezo wa juu wa prosesa. Jaribu 80 kabla ya kushuka zaidi. Usihangaike kubadili governor, yaani kanuni inayoamua mwendo wa prosesa, kuwa powersave kama miongozo ya kale inavyoshauri: chini ya intel_pstate, dreva inayosimamia mwendo wa prosesa za Intel, powersave ndiyo hali ya kawaida na si ile ya zamani iliyokuwa ikiifunga prosesa kwenye mwendo wa chini kabisa. Na kama thermald imekuja pamoja na Ubuntu yako, iache. Kazi yake si kuendesha feni bali kumshika prosesa mkono kabla hajafika kikomoni, nayo haigombani na TLP kwa jambo hili.

Ingia pia ndani ya BIOS za hizo ProBook kwa F10 wakati zinawaka. Kuna kipengele kinachoifanya feni iwe macho daima mashine inapokuwa kwenye umeme wa ukutani. Laptopu za saiba hazichomolewi kamwe, kwa hiyo kama kipengele hicho kimewashwa umekuwa ukilipia kelele usiyoihitaji. Kizime. Nimeona mafundi wakibadilisha feni mbili kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja.

Nakuru ina mambo yake mawili. Mji uko mita zipatazo 1,850 juu ya bahari, na huko hewa ina uzito pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu kidogo. Ubaridi wa Nakuru unasaidia kulifidia hilo. Ambalo haulifidii ni vumbi, na hata jina la mji, kama wenyeji wanavyosimulia, linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua, unga mweupe unaingia hata kwenye droo iliyofungwa; usitarajie kwamba utaipita laptopu inayovuta hewa saa kumi na mbili kwa siku. Inua kila mashine kwa vizibo viwili vya chupa upande wa nyuma ili tundu la chini lipumue, na uondoe vile vitambaa vya mapambo ulivyozitandikia, kama umezitandikia, maana wenye saiba wengi hupenda kufanya hivyo na ndivyo vinavyoziba tundu.

Dell ishughulikie mwisho. Kati ya hizo HP, anza na iliyo karibu zaidi na mlango, kwa kuwa ndiyo inayokula vumbi la barabarani kuliko zote. Isafishe, zima Turbo Boost, kisha iache `watch -n 2 sensors` ikiwa wazi siku nzima ya kazi, na mashine inayofuata iache kama ilivyo. Jioni linganisha namba za hizo mbili, uniandikie.